Keki, Leso na Paipu ya Nabwile

Mkwe wangu Sifuna namjua kwa viatu vyake. Vya kazi ni vyeusi, kisigino cha kulia kimeliwa na mafuta ya gari. Vya Jumapili ni vya kahawia, na vina kamba za njano ambazo sijui alizitoa wapi. Uso wake nimeuona, siwezi kudanganya, kwenye picha za harusi na zile siku chache alizosahau kugeuka haraka. Lakini kwetu Bukusu mama hakai uso kwa uso na mume wa binti yake. Hatupeani mkono, hatuli meza moja, na tukikutana njiani mmoja hupanda kwenye nyasi ampishe mwenzake. Vijana wa siku hizi wanacheka. Sifuna hacheki. Tangu amwoe binti yangu Nekoye ananiheshimu mpaka wakati mwingine namwonea huruma.

Heshima yake hiyo ndiyo nusura imnyang'anye mjukuu wangu Nabwile mashine. Na si mara moja, ni mara mbili siku hiyo hiyo.

Nabwile ni mtoto wa mwanangu wa kwanza. Nimemlea mimi pale Misikhu, na alipomaliza Form Four akaenda Kitale kukaa kwa senge yake, yaani shangazi, huyo Nekoye. Wasichana wenzake walienda saluni, wengine kushona. Yeye akaingia gereji ya mzee mmoja Msabaoti anaitwa Kipyegon, ambaye hagusi injini wala breki. Kazi yake ni paipu tu. Magari yenye AC yana paipu za mpira zinazopitisha gesi ya baridi, na miaka ikienda zinapasuka au zinavuja, na mwenye gari anaanza kufungua madirisha kama sisi wengine. Kipyegon hukata mpira mpya, anauchomekea kichwa cha chuma kila upande, halafu anauvisha pete ya chuma na kuibana kwa mashine mpaka hata gesi haipati pa kutokea.

Nabwile alipokuja nyumbani mara ya kwanza nilimngoja ameze chai kidogo, nikamtegea.

"Kitendawili."

"Tega, Kukhu."

"Nimemvisha pete, na hataivua mpaka akatwe."

Alicheka mpaka chai ikamwagikia sketi. "Kukhu! Si hiyo ni paipu yangu? Nani alikueleza?"

"Ni wewe, kwa simu. Mimi nimeipaka mafuta tu."

Basi mwaka jana Kipyegon akanunua mashine ya umeme. Ile yake ya zamani ni ya kupampu kwa mkono, ina meno ya chuma yamepangwa mviringo, ukipampu yanakutana katikati yote kwa pamoja. Akamwita Nabwile.

"Hii mzee bado inauma," akamwambia. "Nataka iende Bungoma. Watu wa huko wananiletea paipu kwa boda mpaka hapa, wanachoka. Wewe ndiye utaikalia. Lakini kwanza nione paipu moja umetengeneza peke yako, mimi nikiwa kwa kiti, mikono mfukoni, mdomo nimefunga. Ifike Bungoma ikiwa bado inapuliza baridi. Ikikataa, utakaa na mimi tena, na mashine itaenda na Kiplimo mpwa wangu. Huyo anaililia kila siku."

Nabwile alinipigia simu usiku huo akinong'ona kama mtu ameiba kuku. Alitaka kurudi nyumbani. Alitaka kibanda chake. Mimi nilitaka kumsikia akipita kwangu jioni akinuka mafuta. Kwa hiyo tulikuwa wawili tunaoitaka hiyo mashine.

Paipu ya mtihani haikukawia kupatikana. Van ya Sifuna ilipasuka yake mwezi wa kumi na moja, na Disemba dada yake mdogo, Pauline, alikuwa anafunga ndoa Bungoma. Keki ilikuwa inaokwa Kitale na mama mmoja anaitwa Mary Ann, ghorofa nne, imepakwa krimu nyeupe na kubandikwa maua ya krimu ya pinki. Mary Ann alisema wazi: "Keki yangu haipandi gari bila AC. Hapa Kitale ni baridi, sawa. Lakini mkishuka kule Webuye na hili jua, maua yatalala, na watu watasema ni Mary Ann hajui kazi."

Mimi nilikuwa Kitale tayari. Nekoye alikuwa amejifungua, nikaenda kumshika mtoto. Ikaamuliwa kwamba Nekoye abaki nyumbani na mchanga wake, na mimi nishuke na keki mpaka Bungoma kwa gari la mkwe wangu. Hapo sasa ndipo Sifuna alipoanza kukosa usingizi.

Siku ya harusi, jua likichomoza tu, Nekoye aliniita dirishani nione. Sifuna alikuwa ameinama kwenye van na ndoo. Aliosha matairi. Aliosha chini ya matairi. Alitoa viti akavipiga kwa fimbo kama mtu anayepura maharagwe. Aliosha hata jeki.

"Ni wewe unaoshewa," Nekoye akaniambia akicheka. "Mimi tukienda kanisani hunipangusia kiti na mkono wa shati."

Tukaenda gereji. Kipyegon alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake cha plastiki, mikono mfukoni kama alivyoahidi, kofia ya sufu mpaka kwenye masikio. "Chamgei, Kogo," akaniamkia, akiniita bibi kwa lugha yake, nikaletewa kiti kama chake. Nikakaa upande wa kulia wa gari. Sifuna akahamia upande wa kushoto. Nilipovuta kiti nione vizuri, viatu vyake vya kahawia vikazunguka nyuma ya gari. Tuliendelea hivyo asubuhi nzima, mimi na yeye, kama akrabu za saa ambazo hazitaki kukutana.

"Anko," Nabwile akamwita, "ile ndoo yangu ya vyuma iko wapi?"

"Iko hapa chini ya kiti. Na usijali, vitu vyako nimeosha."

Nabwile akasimama. "Umeosha nini?"

"Zile vyuma, na ile paipu ya zamani. Zilikuwa na mafuta nyeusi, bana! Ningeacheje mama akae juu ya uchafu kama huo? Nimesugua na brashi na sabuni ya unga. Angalia, zinang'aa."

Kweli zilikuwa zinang'aa. Nabwile alizitazama kama mtu aliyekuta chungu chake kimeoshwa na ugali ukiwa ndani.

Nitaeleza, kwa sababu mimi mwenyewe ilibidi nielezwe. Hivyo vichwa viwili vya paipu havijanyooka, vimepinda kama viwiko. Kimoja kinaangalia mbele ya gari, kingine kinaangalia injini, na lazima viangaliane kwa namna moja tu. Pete ikishabanwa, kichwa hakigeuki tena. Ndiyo maana jana yake, kabla hajaikata ile paipu mbovu kutoa vichwa, Nabwile alichora mstari wa chaki kutoka kichwa kimoja mpaka kingine, ili leo ajue jinsi vilivyokuwa vimekaa. Akaviweka ndooni, ndani ya van, visije vikatupwa na takataka za gereji.

"Anko, ile chaki..." akasema.

"Kumbe ilikuwa alama? Mimi nilidhani ni uchafu."

Kipyegon akatoa mikono mfukoni. Akaitazama. Akairudisha.

Simu ya Nabwile ikalia, ni Mary Ann: keki iko tayari, waje. Nabwile akajipangusa paji la uso. "Nakumbuka," akasema. "Nakumbuka vile zilikuwa zinaangalia. Niko sawa."

Akaanza. Alikata mpira mpya kwa kisu, sawasawa, bila nyuzi kuchomoza. Akapaka shingo ya chuma mafuta kidogo, akavalisha pete, akasukuma mpaka mpira ukaonekana kwenye kale katundu ka pete. Katundu hako, alishanieleza, ndiko kanasema mpira umefika mwisho. Akaingiza kwenye meno ya ile mashine ya zamani na kupampu. Meno yakakutana polepole, bila kelele. Akafanya upande wa pili. Alikuwa anafanya kazi ulimi ukiwa umetoka kidogo pembeni ya mdomo, kama alivyokuwa akiandika herufi kwangu akiwa mdogo, na mimi nikajisahau nikatoa wangu.

Kufunga kwenye gari ndiko kulikoleta shida. Kichwa cha kwanza kiliingia vizuri. Cha pili kilikuwa kinaangalia pembeni kidogo. Si sana, kama mtu aliyeitwa jina akageuza shingo. Nabwile akaishika paipu kwa mikono miwili, akaisokota, nati ikashika. Akakaza. Akajaza upepo wa kupima, akapaka povu la sabuni. Hakukuwa na kipovu hata kimoja.

"Imekubali!" Sifuna akapiga makofi upande wa pili wa gari. "Weka gesi twende!"

Niliinuka kuangalia. Viatu vya kahawia vikakimbilia nyuma. Nikachungulia chini ya boneti, na kwa sababu sijui kitu cha maana cha kuangalia huko, niliangalia kilicho karibu.

"Nabwile," nikasema, "huu mpira una maandishi meupe. Kwa ule uliobaki pale mezani yamenyooka kama mfereji. Mbona haya yako yanapanda yakizunguka, kama haragwe kwenye hindi? Ni mtindo?"

Akainama karibu zaidi na mpira.

"Kukhu, nyamaza kidogo."

"Nimenyamaza."

Alikaa akiyatazama hayo maandishi. Halafu akasema polepole, si kwangu hasa: "Mpira ukisokotwa unataka kurudi. Hapa utatulia. Ukipata moto wa injini huko chini utajinyonga urudi vile ulivyokuwa, na nati italegea. Labda leo. Labda wiki ijayo."

"Sasa si ni safari moja tu?" Sifuna akasema kutoka nyuma ya gari, na sauti yake haikuwa mbaya, ilikuwa ya mtu ambaye dada yake anaolewa. "Keki ikishafika utairudia Jumatatu. Nani atajua?"

Nabwile akamtazama Kipyegon. Kipyegon alikuwa anatazama mawingu, kama mtu mwenye mahindi uwanjani.

Simu ikalia tena. Nabwile hakuipokea. Alifungua nati zote mbili, akaitoa ile paipu mpya ambayo hata vumbi halijaishika, akaileta mezani, akaweka msumeno juu ya pete.

"Hataivua mpaka akatwe," nikajisemea chini chini.

"Nimekusikia, Kukhu," akasema, na nikaona meno yake kidogo.

Mara ya pili hakutumia kumbukumbu. Alifunga vichwa viwili kwenye gari kwanza, vikiwa mahali pao, akaingiza mpira katikati bila kubana, akauacha ulale unavyotaka wenyewe. Kisha akatafuta cha kuchora. Chaki hakuitaka tena. Akafungua kisanduku cha mbele cha gari, akatoa kichupa cha rangi ya kucha ya senge yake, nyekundu kabisa, na akapaka mstari kwenye kila kichwa na mpira wake.

"Hii sasa uoshe, Anko," akasema. "Osha mpaka kesho."

Akaitoa, akaibana kwenye mashine akifuata mistari hiyo, na paipu ya pili ikaingia kama mkono kwenye mfuko. Maandishi yalinyooka. Akavuta hewa yote kwa pampu, akaingiza gesi, akawasha. Kipyegon aliinuka kwenye kiti, akanyoosha mgongo, akaenda kunywa chai.

Kwa Mary Ann tulikuta keki imetiwa kwenye boksi refu lenye dirisha la plastiki. Wakati wanaipakia ndipo niliona kile Sifuna alichokuwa amekiandaa kwa siri. Nyuma ya viti vya mbele alikuwa ametundika leso kubwa ya Nekoye ya maua mekundu, kutoka paa la gari mpaka sakafuni, ameivuta na kuibana kwa pini pande zote. Hata nzi hangepita. Alitaka mama mkwe wake akae kwa uhuru, avue viatu akitaka, apige miayo. Nilitaka kulia kwa furaha. Nikaingia nyuma na Nabwile, keki katikati yetu, na Sifuna akakaa mbele peke yake na usukani.

Mpaka Kiminini tulikwenda vizuri. Nabwile aliweka mkono juu ya boksi kila mara, kama mama anayepima homa. Mimi, ili kumtuliza, nikaanza mchezo wangu.

"Nabwile, muulize dereva kama anaweza vitendawili."

"Anko, unaweza vitendawili?"

"Mwambie kukhu yako atege," leso ikajibu.

"Mwambie hivi: namjua kwa viatu vyake, uso wake ni wageni walionihadithia."

Leso ikafikiri. "Farasi?" ikasema. Halafu, "Fundi viatu?" Halafu tukapita lori mbili za miwa. "Mwambie nimeshindwa. Nampa mji. Nampa Naitiri."

"Mwambie Naitiri nimeshakaa, nilikuwa na shamba la kukodi huko. Nataka mji mkubwa."

"Basi nampa Malakisi, na tumbaku yake yote!"

Nikaichukua Malakisi. Lakini jibu sikulitoa. Ningelitoaje, na jibu lilikuwa limeketi pale mbele likishika usukani?

Tulipopita Kamukuywa nilianza kusikia jasho kwenye mgongo. Nikafungua kifungo cha sweta. Mbele kidogo nikavua sweta. Jua lilikuwa limepanda, na huku nyuma madirisha yalikuwa yamefungwa kabisa ili baridi isitoke. Baridi yenyewe sikuiona. Lakini nitasemaje? Mwanaume ameosha mpaka jeki kwa ajili yangu, halafu mimi nianze kusema gari lake ni jiko? Nikajipepea kwa mkono, chini chini, asisikie.

Nabwile alikuwa ameacha kucheka. Alibandika uso kwenye dirisha la boksi. "Kukhu," akanong'ona, "angalia."

Ua moja la pinki lilikuwa limeanza kuteleza. Liliteremka polepole juu ya ile krimu nyeupe, kama konokono, na nyuma yake likaacha njia inayong'aa.

"Anko!" Nabwile akaita. "AC iko on?"

"Iko on!" Sifuna akajibu. "Nimeiweka mpaka mwisho!"

Hapo nikauona uso wa mjukuu wangu ukizima. Kama imewekwa mpaka mwisho na bado kuna joto hivi, basi hakuna kinachopoza. Gesi imekwisha. Paipu imeachia.

"Imekufa," akasema. "Hata ile ya pili. Na hiyo niliifanya vizuri, Kukhu. Niliifanya vizuri kabisa. Sasa sijui nilikosea wapi." Ingekuwa heri angelia. Hakulia, alitoa simu tu. "Wacha nimpigie mzee. Afadhali asikie kwangu kuliko kwa Mary Ann. Ampe Kiplimo mashine."

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini?"

Sikujua angoje nini. Nilimshika mkono tu ule wenye simu. Na tukiwa tumekaa hivyo, jasho likitudondoka, keki ikiyeyuka, ndipo mbele ya leso kukasikika chafya. Chafya kubwa, ya kutingisha pini. Halafu nyingine. Halafu ya tatu, na mtu akavuta kamasi.

Nabwile aligeuza kichwa. "Anko, uko na homa?"

"Hapana. Ni baridi tu."

"Baridi gani?"

"Si hii AC yako! Nimevaa koti tangu Kiminini. Vidole havisikii usukani. Lakini nimesema wacha, siwezi kupunguza, mama apoe vizuri huko nyuma."

Tulitazamana, mimi na Nabwile. Jasho lilikuwa limeninatisha nywele chini ya kitambaa.

"Kitendawili," nikasema.

"Kukhu, sasa hivi?"

"Nyumba yangu ni moja. Chumbani wanaiva kwa joto, sebuleni wanakufa kwa baridi."

Alitazama ile leso. Akaitazama ilivyovutwa, ilivyobanwa kila upande na mkwe wangu mwenye heshima. Akachomoa pini moja ya chini, akainua pembe. Upepo ulioingia ulikuwa wa baridi kama maji ya mto mlimani, ukampiga usoni, na akaangua kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake tangu azaliwe.

"Inapoza! Kukhu, inapoza! Wewe Anko, umefungia baridi yote huko!"

"Usifungue!" Sifuna alipiga kelele. Nadhani alikuwa ameona ukingo wa gauni langu, kwa sababu aligeuza uso kabisa akatazama mashamba ya pembeni. "Nabwile, rudisha hiyo kitu! Mama yuko hapo!"

"Mwambie aangalie barabara!" nikasema. "Mwambie barabara haina ukwe!"

Alisimamisha gari kando ya barabara hapo Misikhu, karibu na wanawake wanaouza ndizi, na akashuka upande wake akatembea mpaka nyuma ya mti wa mkaratusi kutusubiri tuamue. Nabwile alitaka kuitoa leso kabisa. Mimi nilimwona Sifuna kule nyuma ya mti, viatu vya kahawia vinang'aa kwenye vumbi, nikajua leso ikitoka ataendesha mpaka Bungoma akiwa ametoa kichwa dirishani.

"Ni nani kati yetu anataka baridi?" nikamuuliza Nabwile. "Mimi au keki?"

"Keki."

"Basi keki ikae mbele."

Tukaihamisha. Ikakaa kwenye kiti cha abiria, ikafungwa mkanda, Nabwile akajibana kando yake akielekeza tundu za hewa kwenye boksi. Nikabandika pini zote za leso mwenyewe kwa mikono yangu, nikazikaza zaidi ya alivyozikaza Sifuna, ili kule mbele baridi isipotee hata kidogo. Halafu huku nyuma nikafungua madirisha mawili, nikanunua ndizi, nikavua viatu. Miaka yote ya ndoa yao sijawahi kusafiri na mkwe wangu nikiwa nimestarehe hivyo. Mbele ilikaa keki, karibu kabisa na yeye, bila aibu yoyote.

Kufika Webuye Nabwile aliniambia kupitia leso kwamba krimu imekaza tena. Kufika Bungoma alikuwa amelipandisha lile ua kwa kidole alichokifuta na maji, na akalibonyeza mahali pake. Lilikaa limeinama kidogo. Pauline aliiona keki akafunga mdomo kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyeliulizia lile ua. Mimi nililiangalia ibada nzima ya kukata keki, nikawa nalipenda kuliko mengine.

Kabla hatujaingia kwenye hema Nabwile alimpigia Kipyegon, gari likiwa bado linanguruma.

"Weka simu kwa tundu la hewa," mzee akasema.

Akaiweka.

"Nasikia inapuliza," Kipyegon akasema. "Na huyo anayepiga chafya ni nani?"

"Ni Anko Sifuna. Amegandishwa."

Tukasikia mzee anacheka, kicheko cha kukohoa. "Basi mwambie akipona aje na hiyo van. Mashine ni nzito, haiwezi kufika huko kwa boda."

"Mzee, ile paipu ya kwanza..."

"Niliiona. Nilikaribia kumeza ulimi. Uliponyanyua msumeno ndipo nikajua nitakunywa chai kwa amani."

Wiki iliyofuata Sifuna alileta mashine. Nabwile amepata kibanda cha mabati upande wa soko la Chepkube, hapo Bungoma, kati ya mtu wa betri na mama wa chapati, na mimi nilikuwa nimefika mapema kufagia. Niliposikia van ikizima nikarudi nyuma ya pazia. Wakaingia wakiugulia uzito, yeye na Nabwile, wakaitua juu ya meza. Meza ikalia lakini ikakaa.

Chini ya pazia nikaona viatu vya kahawia vyenye kamba za njano vikisimama mlangoni, vikageuka kwenda, vikarudi.

"Nabwile," Sifuna akasema, "mwambie kukhu yako kile kitendawili nimekijua. Nilikuwa nafunga kamba asubuhi, nikajitazama miguu."

"Mwambie alitaje jibu," nikasema.

"Mwambie ni aibu mtu kujitaja mwenyewe."

"Basi mwambie amepata. Na Malakisi nimemrudishia, na tumbaku yake yote."

Viatu vilicheka. Sijui nitasemaje vingine, lakini ndivyo nilivyoona, viatu vilicheka na kutoka.

Nabwile hakutusikia. Alikuwa ameinamia mashine, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, akipampu bila kitu chochote ndani, akiangalia tu yale meno yanavyokutana.